Mkia wa Msafara

Mimi sijui kungoja. Mama alikuwa akisema nilizaliwa wiki tatu kabla ya siku zangu na tangu hapo sijapunguza mwendo. Nikiteleka maji ya chai nafunua sufuria mara nne kabla hayajachemka. Kwenye lifti ya hospitali nabonyeza kitufe mara kumi, na wauguzi wenzangu wamechoka kuniambia kwamba lifti haina masikio. Kwa hiyo kama kuna mtu ambaye hakufaa kupewa kazi ya kungojwa na wenzake, ni mimi, na nilipewa.

Nilikuwa na miaka sita Riyadh, muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, na chumba changu kilikuwa Al-Shumaisi, ghorofa ya tatu juu ya duka la simu. Zamu, kulala, zamu. Siku za mapumziko zilinitesa kuliko kazi. Niliweza kufagia chumba kile kile mara tatu, kisha nikasimama dirishani nikitafuta jambo la kunikasirisha. Pikipiki ndiyo iliyoniokoa. Nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na minne, nikaanguka mara mbili mbele ya watu, nikainuka nikicheka kwa hasira. Siku nilipotoka peke yangu kwenye barabara kuu, miguu yangu iliacha kuniwasha kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile.

Aliyenipeleka kwenye kundi ni Ami. Alikuwa mfamasia wa hospitali yetu, Mzanzibari, mwembamba, anakaribia sitini. Siku ya kwanza nilimwamkia kwenye dirisha la dawa, "Shikamoo, daktari," naye akanitazama juu ya miwani.

"Marahaba. Lakini mie si daktari. Na kwenu Mombasa kama kwetu Unguja, mtu wa umri wangu huitwa Ami. Au mmeshakuwa Wazungu huko?"

Tangu siku hiyo alikuwa Ami wangu. Alikuwa na pikipiki ya buluu aliyoipangusa kila siku kama mtu anayepangusa miwani. Aliendesha polepole, kwa adabu, akiwasha taa ya kona hata jangwani ambako hapakuwa na kiumbe wa kumwonyesha anakokwenda. Mimi nilikuwa nampita kwa kishindo, halafu namngoja mbele nikiwa nimenuna. Akifika huniambia, "Umetangulia kufika wapi, mwanangu? Chai bado haijaiva."

Kiongozi wetu alikuwa Msaudia wa Jeddah ambaye kazi yake ni kuongoza misafara ya pikipiki. Sote tulimwita Kapteni. Mwaka ule alitangaza msafara wa siku kumi kusini mwa Hispania na Ureno: kuanzia Malaga, kupanda Ronda, Kordoba, Sevilla, kisha kuvuka mpaka na kuifuata pwani ya Ureno hadi Lisbon. Nilijiandikisha kabla hajamaliza kusema. Mimi nilitaka kona. Riyadh haina kona. Unaweza kuendesha saa nzima usiinamishe pikipiki hata mara moja, na mtu wa damu kama yangu anachacha. Ami alitaka msikiti wa Kordoba. Alikuwa amebandika picha yake nyuma ya rafu ya dawa za kikohozi, zile nguzo nyingi zenye matao mekundu na meupe, na kila aliyekaa foleni muda mrefu alisimuliwa habari zake. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka. Baada ya hapo ilikuwa safari ya kurudi kwao moja kwa moja, na Ami mwenyewe alijua kwamba kutoka kule asingeweza tena kwenda Kordoba. Ilikuwa sasa au basi.

Lakini Kapteni hakumpeleka mtu Ulaya kwa kutaka tu. Kila mwaka, mwezi mmoja kabla, huwapitisha watu wake njia ya Riyadh hadi Jeddah kwa siku mbili, kwa kanuni zile zile za kule. Ukivunja kanuni njiani, jina lako linafutwa, visa iwe imetoka isiwe imetoka. Yangu ilikuwa imetoka. Nilikuwa naifungua pasipoti kila asubuhi kuhakikisha kibandiko hakijabanduka.

Kanuni zenyewe ni hizi. Kapteni yuko mbele. Nyuma kabisa yuko mtu mmoja aliyevaa reflekta, kizibao cha kung'aa cha rangi ya chungwa, na huyo ndiye mkia. Mkifika njia panda, Kapteni anamwonyesha kidole aliye nyuma yake. Huyo anasimama kando ya barabara na kugeuka kibao: anawaonyesha wengine njia wanavyopita, mmoja mmoja, mpaka aione reflekta ya chungwa. Akishaiona, anajua wote wamepita, anaingia barabarani mbele ya mkia, safari inaendelea. Hivyo hata watu watawanyike kilomita kumi, hapotei mtu.

"Kibao haondoki," Kapteni alituambia siku ya kuondoka, kwa Kiarabu kisha kwa Kiingereza. "Mvua ikinyesha haondoki. Mama yake akipiga simu haondoki. Na mkia haachi kibao. Halas, basi."

"Kazi ya kibao ni ya watu wazima," Ami akaninong'oneza. "Wewe ukiwekwa utahama na njia panda yenyewe."

Lazima niseme jambo hapa, kwa sababu kila kitu kilitoka kwalo. Mimi ni Mkristo. Bibi yangu alikuwa mama wa kanisa, na hadi leo najua nyimbo zake. Lakini nimekulia Majengo, nyumba ya kupanga, ua mmoja na Waislamu, na ulimi wangu umelelewa huko: nasema wallahi, nasema inshallah, nikishtuka namwita Mtume kabla sijamkumbuka Yesu. Chini ya helmeti nilivaa kitambaa cheusi kilichofunika nywele na shingo. Mtu yeyote wa kundi lile angeapa kwamba mimi ni Muislamu wa pwani, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nami sikuwahi kuwaambia. Haikuwa siri, ila ilikuwa rahisi, na nilipenda kuwa mtu asiyehitaji maelezo. Ami peke yake ndiye aliyejua. Kila Krismasi aliniletea halua kwenye kikapu kidogo cha ukindu na kusema, "Haya, nusu ushahada, sikukuu njema."

Siku ya kwanza ilikuwa barabara iliyonyooka toka Riyadh hadi Taif, na sina la kuisimulia isipokuwa kwamba niliumwa na taya kwa kukaza meno. Jioni, Taif, tukinywa chai kwenye baraza ya hoteli, Kapteni alieleza ya kesho. Tungeshuka mlima wa Al-Hada. Chini yake barabara inaelekea Makka, na wasio Waislamu hawaruhusiwi kupita huko. Kuna kibao kikubwa juu ya barabara kinachowaonyesha pa kutokea ili wauzunguke mji. Waislamu wangemfuata yeye moja kwa moja. Wengine, na hapo aliwatazama ndugu wawili Wafilipino, wangefuata pikapu ya mizigo. Tungekutana kituo cha mafuta mbele, kwenye barabara ya Jeddah.

Nilijua kwamba mimi ni wa pikapu. Sikusema neno, kwa sababu sikuona la kusema. Ningekuwa katikati ya kundi, ningefika kwenye kibao, ningetoka. Nani angejali?

Asubuhi Msudani aliyekuwa mkia aliamka na tumbo la kuhara. Pikipiki yake ikapandishwa kwenye pikapu, naye akalazwa kiti cha mbele akiwa amekumbatia chupa ya maji. Kapteni akasimama katikati ya uwanja na ile reflekta mkononi, akatutazama mmoja mmoja, kisha akanirushia mimi.

"Wewe leo ndiye mkia. Nataka nione kama unaweza kukaa nyuma ya mtu."

Watu wakacheka. Mimi nikaivaa. Niliona fahari, sitaficha: mwanamke wa kwanza katika kundi lile kupewa reflekta, tena mwenye sifa ya kiherehere. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kumwambia Kapteni kwamba mimi si mtu wa barabara ile. Nilisahau. Nimeulizwa sana baadaye, na mimi mwenyewe nimejiuliza zaidi, na jibu ni hilo tu. Nilikuwa na furaha, na furaha ilinisahaulisha mimi ni nani.

Mlima wa Al-Hada una kona zote ambazo Riyadh haina. Unashuka kama ngazi ya mnara, na nyani wamekaa juu ya ukuta wa barabara wakikutazama kama wazee wa baraza. Nilikuwa nimeingoja siku ile mwaka mzima, na niliila nyuma ya Msiria mmoja aliyeshika breki kwenye kila kona mpaka harufu yake ikanijaa puani. Mkia hampiti mtu. Nilimtukana yule Msiria kwa Kiswahili, kwa Kigiriama cha bibi, na kwa Kiingereza cha kazini. Tulipofika chini, damu ilikuwa inanichemka.

Kibao kikatokea, kipana kuliko barabara. Msiria akaenda moja kwa moja. Mimi nikawasha taa ya kona nikatoka.

Nilikuwa nimepita pale mara tatu miaka ya nyuma, kwa basi la wauguzi, na kila mara tulitoka pale pale. Ilikuwa mazoea, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Na mbele yangu barabara ilikuwa tupu. Pikapu na Wafilipino walikuwa wameshatangulia, hapakuwa na Msiria, hapakuwa na breki. Nikafungua. Niliendesha barabara ile nikiimba ndani ya helmeti, na reflekta ikinipigapiga mgongoni.

Kituo cha mafuta kilikuwa kimejaa magari ya mahujaji wa umra na watoto wanaolia joto. Kapteni alikuwa amesimama kivulini na chupa ya maji. Aliona rangi ya chungwa inaingia, akainua dole gumba, akazungusha mkono juu ya kichwa. "Yalla!" Pikipiki zikawaka. Hakuhesabu watu, na hakukosea: kanuni aliyoitunga yeye inasema mkia akifika, wote wamefika. Mimi niliangaza macho kutafuta pikipiki ya buluu. Sikuiona, nikadhani iko upande wa pili wa pampu. Niliangalia kwa muda ambao huwa naangalia mambo, yaani nusu ya unaotakiwa.

Nyumba ya mama yake Kapteni iko Al-Hamra, Jeddah, mitaa miwili kutoka baharini. Wanaume waliingizwa majlisi, sebule ya wageni, mimi nikapelekwa ndani kwa wanawake, kwa bibi mwenye nyumba, ambaye alinikalisha karibu naye na kunijazia sahani wali wa samaki. Aliyekuwa akipakua ni dada mmoja wa Kenya, mfanyakazi wa nyumba ile. Aliposikia Kiswahili changu nusura aangushe sinia.

"Wee! Kumbe wewe ni wa kwetu? Na unaendesha ile kitu ya wanaume?"

Tukacheka. Akaenda na sinia upande wa wanaume, akarudi na kuinama kwangu.

"Dada, hebu niambie. Madam alisema wanaume ni kumi. Nimeweka sahani kumi. Tisa zimeguswa, moja iko tu hapo. Mwenye sahani ni nani, nimfunikie?"

Nilijua papo hapo. Hakuna aliyeniambia, na sikuwa na haja ya kuambiwa.  Nikaona kile kibao kipana, nikaona mkono wangu unawasha taa ya kona, nikaona njia panda yoyote ile iliyo mbele ya hapo, upande nisioruhusiwa, na Ami kando ya barabara anaangalia nyuma.

Nilisimama mlangoni mwa majlisi. Kapteni alikuwa na simu sikioni.

"Imezimwa," alisema. Joto huzima simu zilizofungwa kwenye usukani. Ilikuwa imeshatokea kwa wengi wetu. "Wewe mkia. Mzanzibari nilimwacha njia panda ya kwanza ndani ya barabara ya Makka. Ulimkuta?"

"Sikumkuta," nikasema.

Ilikuwa kweli, na ndiyo kweli chafu kuliko zote nilizowahi kusema.

"Basi ameondoka. Ameacha kibao."

Wanaume wakaanza utani. Mmoja akasema mzee ameona barabara ya Makka moyo ukamshinda, sasa hivi anatufu Al-Kaaba na helmeti mkononi. Wakaangua kicheko. Kapteni hakucheka. Alitoa karatasi ya majina mfukoni, akachukua kalamu, akapiga mstari. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mimi niliuona msemo ule ukitendeka mbele ya macho yangu, kwa wino mweusi. Kordoba ikaondoka hivyo hivyo, kwa mstari mmoja.

Nilirudi ndani. Nikakaa. Nikasimama. Nikaenda kunawa mikono, nikarudi, nikaenda kunawa tena. Yule dada alinifuata jikoni.

"Una nini? Keti basi, unanizungusha kichwa."

Ilikuwa saa nane na robo. Tulipita chini ya mlima kama saa tano na nusu. Mimi ni muuguzi. Hesabu ya mtu wa miaka sitini juani naijua vizuri, na dawa zake za presha nazijua kwa majina, kwa sababu alinionyesha mwenyewe na kulalamika kwamba zinamkojoza. Nikiwaacha waamini kwamba ameondoka, hakuna atakayerudi kumtafuta pale. Nikiwaambia yuko pale, lazima niseme kwa nini. Na nikisema kwa nini, Ronda imekwenda, na zile kona zote, na kile kibandiko ninachokiangalia kila asubuhi. Mawazo haya yote yalinipitia nikiwa nimeshika bomba la maji, na aibu yangu ni kwamba yalinichukua dakika kumi nzima. Kila siku nina haraka. Siku ile nilipotakiwa kuwa na haraka nilichelewa.

Nikarudi majlisi nikaingia moja kwa moja, bila hodi.

"Kapteni, hajaondoka. Yuko pale pale. Mimi sikupita njia ile. Mimi ni Mkristo. Nilitokea kwenye kile kibao cha wasio Waislamu."

 Yule Msiria aliweka mfupa wa samaki chini taratibu. Kapteni alinitazama, kisha akaitazama ile reflekta niliyokuwa bado nimeivaa, kisha akachukua ufunguo wa gari.

Nikanyakua helmeti yangu.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza, bila ukali. "Huwezi kufika alipo."

Akatoka.

Saa nne zilizofuata nilizipitia kwenye lango la nyumba ile. Nilitembea kutoka langoni hadi kona ya mtaa na kurudi, bahari naisikia lakini siioni. Nilimkasirikia Kapteni: kwa nini hakuniuliza kabla ya kunirushia reflekta? Nikamkasirikia Msudani na tumbo lake. Nikamkasirikia Ami kwa utiifu wake wa kijinga. Mtu mzima, mwenye akili, angekwishaondoka. Nilimkasirikia kila mtu kwa zamu, na nikimaliza wote nilijikuta nimebaki mwenyewe. Yule dada alitoka na glasi ya chai ya nanaa, akakaa kwenye kizingiti.

"Utachimba lami ya watu," akasema. "Mimi nilingojea kafili, huyo mwajiri wangu, anipe ruhusa ya kwenda kuzika mamangu. Nilingoja mpaka wakazika. Kungoja hakuna ujanja, dada. Ni kukaa chini tu."

Nilikaa. Nilihesabu hadi mia, nikasimama tena.

Gari lilipoingia, Ami alikuwa kiti cha nyuma, midomo imempasuka, plasta nyeupe mkononi mahali walipomtundikia maji kwenye zahanati njiani. Mkononi alikuwa na mwavuli mweupe. Familia moja iliyokuwa ikienda umra ilimwona, ikasimama, ikamsihi apande gari lao. Alikataa. Wakamwachia maji, tende na mwavuli, naye akakaa chini yake kando ya barabara, karibu na pikipiki yake, macho yakiangalia nyuma.

"Shikamoo, Ami," nikasema, na sauti ikanitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikaanza kulia pale pale, mbele ya Kapteni. Ami akanipa mwavuli nishike, kama mtu anayempa mtoto kitu cha kuchezea.

"Ulidhani nitakuja?" nikamuuliza.

"Nilidhani kwa nusu saa. Halafu nikakumbuka. Nikasema, lahaula, huyu si wa njia hii! Nikacheka peke yangu, wallahi. Mie ninayemletea halua, na mie nimesahau."

"Sasa kwa nini hukuondoka? Kwa nini, Ami? Ungekufa pale!"

"Ningeondoka ningeulizwa kwa nini nimeacha kibao. Na jibu lake lilikuwa wewe." Akajifuta midomo. "Nikasema bora nikae, labda Kapteni atahesabu watu, mambo yatajinyoosha bila ya mie kukutaja. Na tena, sikutaka kuikosa Kordoba kwa ajili ya kichwa chako kibovu."

Kapteni alisikia yote. Yeye na Ami huzungumza Kiarabu, na Ami, kwa ustaarabu wake, alimtafsiria hata pale pa kichwa kibovu. Kapteni akatoa ile karatasi. Akaliandika jina la Ami upya, chini kabisa, kwa herufi kubwa. Kisha akaninyooshea mkono, na nikajua anataka nini. Nikaivua reflekta nikampa.

"Ulinipa bila kuniuliza," nikamwambia. Nilikuwa bado na hasira kidogo ya kutumia.

"Nilikosa," akasema. "Nawe uliivaa bila kuniambia. Lakini hayo yote mafi mushkila, si neno, kosa la kusahau ningelisamehe. Nilipokuuliza kama ulimkuta, hukuwa umesahau."

Akalipigia mstari jina langu, kwa wino ule ule.

Ami aliniombea. Alimpigia Kapteni simu wiki nzima, akamtumia hadi aya na hadithi za Mtume kuhusu kusamehe. Mwisho mimi mwenyewe nilimwambia aache. Kibandiko cha visa kiko kwenye pasipoti yangu hadi leo, safi, hakijagongwa muhuri hata mmoja.

Waliondoka mwezi uliofuata. Nilijichukulia zamu za ziada ili nisikae chumbani. Ami hakunitumia picha nyingi, alijua. Alinitumia moja tu ya Kordoba, nayo haikuwa ya nguzo. Ilikuwa ya viatu vyake kwenye sakafu ya mawe, na chini ameandika, "Nimefika, mwanangu."

Siku ya nane nilikuwa napanda ngazi za hospitali, maana lifti ilikuwa inanichelewesha, simu ikalia. Ni yeye. Nilisikia upepo na mbwa anabweka mbali.

"Niko Ureno," akasema. "Nimewekwa kibao. Njia panda moja hivi, ina mizeituni na mbuzi wawili. Wote wameshapita, kabaki mkia. Nikaona nikupigie."

"Una maji?"

"Ninayo. Una kazi?"

Nilikuwa na dakika kumi na tano kabla ya kupokea zamu. "Sina," nikasema.

"Basi kaa na mie mpaka aje."

Nikakaa. Nilikaa kwenye ngazi, simu sikioni, watu wakinipita juu na chini. Hatukuzungumza sana. Aliniambia mbuzi mmoja ana pembe moja. Nikasikia pumzi zake, na upepo, na pumzi zake tena. Dakika zikapita kumi, zikapita kumi na tano. Juu, kwenye wodi yangu, mtu alikuwa ananingoja, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwacha angoje. Sikutikisa mguu. Nilikuwa naitazama ile barabara ambayo siioni, nikitafuta rangi ya chungwa.

Kisha kwa mbali nikasikia mngurumo wa pikipiki, ukawa mkubwa, ukapunguza.

"Kaja," akasema Ami. "Haya, inuka sasa. Nenda kazini."